Pijo la Ta Kalisti Kwenda Harusini Muleba

Mmeniuliza mmoja mmoja, barazani, sokoni, hata kwa kinyozi: "Mbwana, huko Bukoba kulikuwaje?" Kila mtu nikampa kipande, na sasa nasikia vipande vimekutana mtaani vinapigana. Yupo anayesema nilikamatwa, yupo anayesema nilioa. Sikuoa wala sikukamatwa. Nimeona niandike yote, mwanzo hadi mwisho, asiyeamini akasome. Habari za tikiti na vibali naziacha, hazina ladha.

Kwanza mjue nilifuata nini. Nilikuwa JKT na Mhaya mmoja aitwaye Deusi, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Tulipotoka, mimi nikarudi Tanga kwenye cherehani yangu, yeye akawa fundi wa magari Bukoba. Mwaka huu akaniletea salamu kwamba anaoa, na kwamba suti yake hataivaa isipokuwa nimeishona mimi na kuileta kwa mkono wangu. Nikaishona. Mwili wa Deusi naujua, sikuhitaji vipimo. Ndivyo nilivyojidanganya.

Mwanza: meli isiyoondoka

Meli ya Bukoba ilikuwa iondoke jioni niliyofika. Haikuondoka. Tukiuliza, sababu zinabadilika: mara mafuta, mara nahodha, mara ziwa limechafuka, nasi tunaliona limetulia kama maji ya mtungini. Tulilala bandarini juu ya mizigo yetu mpaka siku ya pili.

Mzigo wangu wa maana ulikuwa mmoja: suti ya kijivu, imetundikwa kwenye henga, imefunikwa kwa shuka jeupe la mama. Sikuiweka chini hata kwa kwenda chooni. Wanasema mgeni ni kuku mweupe, na mimi nilikuwa kuku mweupe aliyebeba suti. Mama mmoja mchuuzi wa samaki, aliyekuwa akirudi visiwa vya Muleba, akashindwa kuvumilia.

"Wee kijana, hicho ulichofunika ni nini?"

"Suti ya bwana harusi, mama. Nakwenda harusini Muleba."

"Harusini!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Huyu haendi kuzika. Anakwenda harusini!"

Wakacheka kwa furaha niliyoiona kubwa kuliko habari yenyewe, wakanipisha nikae katikati yao. Tangu hapo sikununua chakula. Nilipewa ndizi, nikapewa sato wa kukaanga, kisha mama yule akanifungulia kifurushi cha jani la mgomba chenye vitu vya rangi ya dhahabu, vitamu, vyenye chumvi. Nikasema nimefika nyumbani, hawa ni kamba wadogo. Nikala huku nikisifu.

"Kamba wa ziwa lenu wana mafuta kuliko wetu wa Tanga."

"Kamba?" Mama akafuta machozi ya kicheko. "Hao ni senene, mwanangu. Juzi walikuwa wanaruka angani."

Nikatazama vizuri, nikaona ni panzi. Roho ikasita kidogo. Mdomo haukusita, nikamaliza kifurushi.

Bilele: rafiki niliyempita

Asubuhi tukaiona Bukoba, vilima na migomba vimeshuka mpaka mjini, na manyunyu ya mvua juu yake. Deusi alikuja kunipokea bandarini. Nilimpita. Naapa nilimpita, nikaendelea kumtafuta mtu mnene mwenye shingo ya ng'ombe, mpaka sauti ikaniita nyuma: "Mbwana, unakwenda wapi na suti yangu?"

Alikuwa nusu ya Deusi. Alikuwa ameugua malaria, malaria ilipomwacha ikamshika homa ya matumbo. Sasa amepona, anakula, ananyanyua injini, lakini nyama haijarudi. Kwetu mtu kama huyo angepewa supu na pole. Kule, miaka hii, kukonda ni kesi nyingine, na wote tunajua ni ya ugonjwa gani. Padri aliwashauri yeye na mchumba wake Adela wapime, wakapima, wakakutwa wazima wote wawili. Deusi aliniambia hayo tukiwa chumbani kwake Bilele, amekaa kitandani, suti imemning'inia kama imetundikwa kwenye msumari.

"Majibu ya hospitali nayajua mimi," akasema. "Watu wanasoma mwili. Hapa kwetu, Mbwana, mtu akikonda hawamwulizi anaumwa nini. Wanaanza kumpa pole mama yake."

Mama yake, Ma Paulina, ni mjane anayeishi kijijini, mlimani juu ya Muleba. Alikuwa na watoto wa kiume watatu. Wawili wamekwisha kuzikwa kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitokea mjini akiwa amelala kwenye gari. Deusi ndiye aliyebaki.

"Hajaniona tangu niugue," akaendelea. "Nimemzuia asije, nikasema kazi nyingi. Kwa desturi yetu yeye hatakuja kanisani, atabaki nyumbani kumpokea mkwe. Kwa hiyo ataniona nikishuka kwenye gari la harusi. Mimi nataka kitu kimoja tu: akiniona, acheke. Akilia, hata harusi sijui nimefanyia nini."

Hapo ndipo nilipojua kazi niliyoitiwa. Nikamwambia avue ile suti.

Madukani: saizi ndogo tele

Lakini kabla ya sindano, tembezi. Mnanijua, mji nausoma kwa nguo zake. Bukoba ina maduka ya baraza ndefu, mafundi wamepanga cherehani nje, na kila penye nafasi pamemwagwa mitumba, ile tunayoiita kafa Ulaya. Vijana wa kule wanavaa, jamani! Mpaka uko karibu, na tangu vita viishe mitindo ya Kampala inafika kwao kabla yetu kusikia habari zake. Niliona koti la jinzi lililoshonewa mifuko ya gunia la kahawa. Niliona kijana amevaa buti za jeshi amezipaka rangi nyeupe, anatembea katikati ya tope kwa vidole. Nilimfuata mitaa miwili kutazama tu atazifikishaje.

Deusi alinipeleka kwa Fausta, dada mwenye duka karibu na soko na ulimi mkali kama wembe. Tulitafuta shati jeupe na viatu. Mimi nikaona kwenye rundo shati moja la kung'aa, la maua makubwa, nikalinyanyua juu.

"Hili! Jioni atabadilisha avae hili!"

Deusi akalichukua mkononi mwangu, akalirudisha chini ya rundo taratibu.

"Mgeni wako anatoka wapi?" Fausta akauliza.

"Tanga."

"Basi asamehewe." Akanieleza kwamba kitambaa cha namna ile kiliitwa Juliana. Kilivushwa na wafanyabiashara baada ya vita, kila kijana mwenye pesa akavaa, na vijana hao hao ndio waliotangulia kuanguka. Watu wakaubandika ugonjwa jina la shati. "Nimelinunua ndani ya robota bila kujua," akasema. "Naogopa kulivaa na naogopa kulichoma."

Nikashika adabu. Ndipo Deusi, kwa sauti ya chini, akamwomba Fausta mashati matatu makubwa. Nikamwuliza ya nini matatu.

"Nivae yote ndani ya koti. Nijae."

Fausta akagonga meza. "Unaona? Kila anayeingia hapa anataka makubwa, na anataka matatu. Mji mzima unavaa mashati matatu matatu kwenye jua! Saizi ndogo zimebaki tele, hakuna anayezigusa."

Nikamwambia Deusi maneno ya kazi yangu. Nguo inayopwaya ndiyo inayomsema mtu. Ukimwona mtu anaogelea ndani ya koti unajua kuna nyama iliyopotea. Nguo inayomkaa haikumbushi chochote. "Nipe siku moja," nikasema, "utatoka humu mwembamba kama kijana wa mjini, si kama mgonjwa." Akanunua shati moja, dogo. Fausta akampigia makofi.

Fundi mmoja wa barazani aliniazima cherehani, baada ya kubishana nami sana juu ya namna ya kupunguza bega. Nikafumua suti yote. Nilibana mgongo, nikapunguza mabega, suruali nikaibana kidogo miguuni, mchinjo wa kisasa. Deusi alipoivaa, fundi mwenyeji akamzunguka mara mbili, akasema, "Huyu sasa anaweza kwenda hata Ulaya." Deusi akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona anacheka meno yote.

Mto Kanoni: gari lililonyamazisha redio

Sasa gari. Harusi ilikuwa ibebwe na Datsun ya bosi wa Deusi, nayo ikaamua kuvunja gia siku mbili kabla. Deusi mwenyewe aliifungua, akafunga tena, akanawa mikono, akasema hakuna spea mpaka ivuke mpaka.

Tukaenda mto Kanoni kuuliza. Pale ndipo watu wa magari wanapokutana kuosha, na hakuna nilipofurahi zaidi mjini. Magari yameingizwa majini mpaka nusu ya magurudumu, vijana wamekunja suruali, kila gari na redio kaseti yake, kila redio inashindana na jirani. Nyuma yameandikwa: *Wivu Jenga Lako*, *Nani Kama Mama*, *Mungu Hana Haraka*, na hili la mwisho lilikuwa limesimama kwa sababu ya injini. Kuna waliotundika mapazia ya vishada dirishani, kuna aliyevalisha usukani manyoya ya kondoo. Wanajua gari la kila mtu kwa mlio. Gari likiwa bado kona ya pili wanakuambia ni la nani na breki yake inaumwa nini.

Mara nikasikia redio zinazimwa, moja baada ya nyingine. Pijo pikapu ya buluu iliyofifia ilikuwa inateremka. Vijana wakasogeza magari yao kuipisha. Mlangoni ilikuwa na tundu la risasi, limezibwa kwa bati na kupakwa rangi. Ilibebeshwa chakula cha askari wakati wa vita, na tundu lile ilirudi nalo kutoka huko.

"Mbona mmenyamaza?" nikanong'ona.

"Hilo ndilo linalorudisha watu nyumbani," Deusi akasema. "Kaka zangu wote wawili liliwarudisha hilo hilo."

Dereva akashuka, mzee mnene wa Ijuganyondo wanayemwita Ta Kalisti, yaani Bwana Kalisti. Alikuwa amesikia habari za Datsun.

"Nipeni mimi hiyo harusi," akasema.

Deusi akatazama maji, akajibu kwa heshima ya kwao. "Ta Kalisti, waitu, mama analijua gari hili."

"Ndiyo maana ninaliomba. Miaka hii yote nakwenda vijijini nikipokewa kwa vilio. Watoto wananikimbia, mbwa wananikimbia. Siku moja tu nipeleke mtu anayecheka. Mama yako naye alione gari hili limebeba anayecheka."

Mmoja wa wale vijana akachomoa pazia lake la vishada, akamkabidhi Ta Kalisti. Mwingine akaleta vitambaa vya viti. Wa tatu akafungua honi yake ya sauti tatu, fahari ya Bukoba nzima, akaanza kuifunga kwenye Pijo kwa mikono yake. Likaoshwa lile gari mpaka nikaogopa rangi itaisha. Wakakubaliana jambo moja, na nililisikia vizuri: tangu bondeni, chini ya kilima cha kina Deusi, honi ile ipigwe bila kukoma, ili Ma Paulina ajue kwamba safari hii ni furaha.

Barabara ya Muleba: kofia zilizovuliwa

Tuliondoka asubuhi na ukungu. Mbele Ta Kalisti, Deusi na mimi. Kanisa lilikuwa Muleba, na Adela alikuwa anatusubiri huko kwao.

Kila tulipopita, watu waliliona Pijo likitokea kwenye ukungu wakasimama. Wanaume walivua kofia, akina mama walitua ndizi zao chini. Kisha Ta Kalisti anabonyeza honi, sauti tatu, redio inalia, na Deusi anatoa kichwa dirishani na tai yake. Mngeziona zile nyuso! Mzee mmoja alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa. Aliposikia honi akakiinua, akaitupa kofia juu, ikanasa mgombani. Mama mmoja alikimbia kando yetu mpaka akatupa mkungu mzima wa ndizi mbivu nyuma ya gari. Mtu wa baiskeli alitugeukia, akaingia mtaroni, akacheka humo humo mtaroni. Ta Kalisti aliendesha huku machozi yanamtiririka, akisingizia moshi.

Sokoni Muleba tulizuiwa kabisa. Wauza samaki walitaka kuhakikisha bwana harusi ni mzima, wakamtoa nje wakacheza naye. Walinipa rubisi, pombe yao ya ndizi, nikasema mimi Mwislamu, basi wakanijaza mfukoni buni zao za kutafuna. Nilitafuna moja na macho yangu yalibaki wazi mpaka Ijumaa.

Misa ilikuwa ndefu, mimi nikabaki nje kulinda gari na riboni zake nyeupe. Adela alipotoka, mwanamke mrefu mwenye mwili na kicheko, niliona Deusi amechagua mtu wa kumrudishia nyama. Ndipo mvua ikafungua milango yake. Wageni wakarudi kanisani kujikinga. Sisi Ta Kalisti akasema twende, njia ya mlimani ikilowa zaidi hatupandi tena. Maharusi na mimi mbele tumebanana, na nyuma chini ya turubai wasimamizi wao wawili.

Kilima: honi iliyokufa

Tulizama bondeni, pale pale tulipokusudia kuanza honi. Gurudumu la nyuma likaingia shimoni mpaka ekseli, na maji yakatupita mbele juu ya bampa. Ta Kalisti akabonyeza honi. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza moja kwa moja.

Mvua ilipokatika, wanaume wakashuka. Deusi akavua koti, akalifunika vizuri kwa lile shuka jeupe la mama yangu, akalilaza nyuma ya gari. Wakakata matawi kutandika chini ya magurudumu. Mimi na mwili wangu huu mnaoujua, nilisukuma mara moja Ta Kalisti akaniona sifai kitu.

"Wewe Mswahili, JKT uliendesha?"

"Lori."

"Kaa kwenye usukani. Mimi nina uzito, nitasukuma. Likishika mwendo, usisimame mpaka uwanjani kwao. Ukisimama hapa kati, gari litalala na sisi tutalala. Maharusi watapita njia ya mguu kwenye migomba, ni fupi."

Nikazunguka mbele nipande, nikaona riboni zote zimekuwa tope. Roho ikaniuma. Honi imekufa, riboni zimekufa, na mama yule anatakiwa ajue kuwa ni furaha. Nikajiuliza, kwetu gari la harusi linajulikanaje? Kwa makuti mabichi mbele, na kwa taa zinazowaka mchana! Makuti kule hakuna, lakini matawi mabichi yalikuwa yamejaa pale. Wenzangu wote wako nyuma wanachimba. Nikafunga matawi mawili makubwa kwenye bampa, yakakutana juu ya boneti, nikawasha taa. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Nilirudi nyuma hatua chache kulitazama, nikaona limependeza.

Wakasukuma. Pijo likanguruma, likachomoka, nami kama nilivyoagizwa sikusimama. Nikapanda kilima kwa gia ya kwanza, polepole, kimya, taa zinawaka.

Uwanjani

Kwenye nyumba ya kwanza mwanamke alikuwa anateka maji ya mvua. Akaliona gari, akaachia ndoo, akaweka mikono kichwani na kupiga ukelele mrefu. Nikasema, alaa, kumbe vigelegele vya Kihaya ndivyo hivi. Nikampungia mkono.

Ukelele ukapokewa nyumba ya pili, ukatutangulia mlimani. Wanaume wakatoka migombani, wakavua kofia. Nikawapungia wote, nikitabasamu kama waziri. Nilipoingia uwanjani wanawake waliokuwa wanapika walitupa miiko, wakaja wanalia kwa sauti moja, wengine wamejitupa kwenye majani mabichi yaliyotandikwa kwa ajili ya harusi. Nami nikasema moyoni, watu hawa wanajua kupokea wageni. Nikazima gari, nikashuka na tabasamu langu. Ndipo nikamwona mwanamume mmoja amechukua jembe begani anaelekea nyuma ya nyumba, na tabasamu likanitoka. Harusini jembe la nini?

Mama mmoja tu hakuwa akilia. Sura ilikuwa ya Deusi tupu, kwa hiyo nilimjua. Alinipita kama sipo, akaenda nyuma ya gari, akafunua turubai. Akaliona shuka jeupe. Akalifungua taratibu, akalikuta koti. Alilinyanyua, akatazama tena chini yake, kisha akalikumbatia na kunigeukia.

"Wawili niliwapokea hapa hapa, kutoka gari hili," akaniambia kwa Kiswahili cha polepole. "Sikuuliza neno. Huyu niambie. Mmemwacha wapi?"

"Anakuja, mama! Anakuja kwa miguu, na mkewe!"

Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayekutania msibani. Jamani, sijawahi kuona aibu wala hofu ya namna ile. Nilitaka kusema zaidi na Kiswahili chote kikanikimbia, mimi mtu wa Tanga.

Basi migombani kukasikika wimbo. Sauti moja ilikuwa imepotea njia kabisa, na sauti hiyo niliisikia kila asubuhi JKT. Akatokea Deusi, suruali imekunjwa magotini, tope mpaka kiunoni, na mgongoni amembeba Adela mzima mzima ili gauni lisichafuke. Nyuma yao wasimamizi, na Ta Kalisti anahema. Deusi akayaona matawi. Akaziona taa. Wimbo ukamkatikia mdomoni, akamteremsha mkewe.

"Mawe," akaita. Ndivyo wanavyomwita mama.

Ma Paulina akamwendea. Akamshika uso, masikio, mikono, akapitisha vidole kwenye mbavu moja moja.

"Umekonda," akasema.

"Nimembeba huyu tangu bondeni," Deusi akajibu, bado anatweta. "Na yeye hajakonda hata kidogo."

Adela akampiga kofi la mgongo lililosikika mpaka barabarani. Na Ma Paulina akacheka. Kicheko kilianza kwa kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, kisha kikamtoka chote, na wanawake waliokuwa chini wakainuka mmoja mmoja wakicheka na kamasi zao. Mwenye jembe akarudi, akaliegemeza ukutani kama mtu aliyekuwa anakwenda kulima tu.

Ta Kalisti alikuwa amefika kwenye gari. Akazima taa, akang'oa matawi, akanijia nayo, akanichapa nalo moja mgongoni.

"Wewe Mswahili! Taa mchana na matawi mbele, hapa kwetu ni maiti! Kwenu maiti anakwendaje?"

"Kwa mabega, Ta Kalisti. Tunambeba kwenye jeneza, siku ile ile. Matawi na taa ni harusi!"

Akanitazama, akatazama tawi mkononi mwake, akalitupa. "Basi siku moja nitakuja kwenu," akasema, "nione gari kama langu linavyopokewa." Akanikumbatia na tope lake lote, na kanzu yangu mnaijua ilivyorudi.

Ikabaki kumpokea bibi harusi. Desturi yao, bibi harusi akifika hupakatwa mapajani na wakwe zake, kuonyesha kwamba sasa ni mtoto wa nyumba ile. Baba wa Deusi alikwisha kufa zamani, kwa hiyo mapaja yalikuwa ya mama peke yake. Mkeka ukatandikwa mlangoni. Ma Paulina akakaa, akanyoosha miguu, na wanawake wakamsogeza Adela mbele.

Lakini Ma Paulina alikuwa hajamwachia Deusi mkono. Akamvuta. Fundi wa magari mzima, na ndevu zake na tope lake, akakalishwa mapajani mwa mama yake mbele ya kijiji kizima. Mzee mmoja akasema sivyo inavyofanywa. Ma Paulina alimshika mwanawe kiunoni kwa mikono miwili, akalaza shavu mgongoni mwake, akawa anamsikiliza anavyopumua. Adela amesimama na gauni lake, hajui acheke au alie. Hakuna aliyewaharakisha.

Hatimaye Ma Paulina akainua kichwa, akamsogeza mwanawe upande, akapiga kwa kiganja paja lililobaki wazi.

"Njoo nawe," akamwambia Adela. "Mapaja ni mawili."